Nani Hulinda Mahema

Magazeti yakiandika juu ya tamasha la Glastonbury huandika majina ya wanamuziki: nani alifunga Jumapili usiku kwenye jukwaa kubwa lenye umbo la piramidi, nani sauti ilimkauka, nani alipanda na mgeni asiyetangazwa. Hakuna ubaya, kwa kuwa tiketi hununuliwa kwa ajili ya muziki. Ila muziki ndio sehemu nyepesi ya shughuli ile. Fundi sauti ana mkataba, mpiga gitaa ana mkataba, jenereta limekodiwa, na likizima yupo mtu wa kuulizwa. Kazi nzito ni kuwalaza watu laki mbili kwenye malisho ya ng'ombe kwa siku tano: wapate maji, wapate choo, wasiunguzane kwa majiko yao, wasipotee usiku, wasikanyagane getini, kisha Jumatatu wafungashe na kuacha nyasi ambazo ng'ombe anaweza kuzila tena bila kumeza kigingi cha hema. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watu wasiolipwa mshahara. Wapo wanaoona kuwa huo ni ubahili uliovishwa kanzu ya wema. Mimi naona vingine. Kambi ya namna hii huwahitaji hasa watu wa namna hii, na utaratibu wa kuwapa zamu badala ya kuwauzia tiketi ni wa haki, kwa sharti moja ambalo si kila tamasha hulitimiza.

Tuanze na shamba lenyewe. Linaitwa Worthy Farm, katika kijiji cha Pilton, Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Michael Eavis alilirithi mwaka 1954 akiwa na miaka 19, baba yake alipofariki, akaendelea kufuga ng'ombe wa maziwa. Tarehe 19 Septemba 1970 alifanya tamasha lake la kwanza: kiingilio pauni 1, maziwa bure, wahudhuriaji kama 1,500. Leo leseni inaruhusu watu wapatao 210,000, wakiwemo wasanii na wafanyakazi wote. Maana yake ni kwamba kwa wiki moja ya mwisho wa Juni uwanda ule huwa na watu zaidi ya mara mbili ya wakazi wa Bath, mji maarufu wa jirani, isipokuwa kwamba Bath imejengwa kwa karne nyingi na ina mabomba chini ya barabara zake. Ardhi huchoka. Ndiyo sababu kila baada ya miaka michache tamasha husimama ili shamba lipumzike, kama ilivyokuwa mwaka 2006, 2012 na 2018, na zamu ya mapumziko ikapangwa tena 2026. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa mgeni anakaa tano. Mtu anayekwenda kusikiliza muziki ukumbini hurudi kwake baada ya saa mbili tatu, na uchafu wake ni gilasi ya plastiki na karatasi ya tiketi. Anayelala shambani anapika, anaugua tumbo, anagombana na mwenzake, anapoteza simu, na saa kumi alfajiri anatafuta hema lake la kijani katikati ya maelfu ya mahema ya kijani. Hahitaji askari. Anahitaji jirani aliye macho.

Jambo hilo lilijulikana mapema. Agosti 1969, waandaaji wa Woodstock, huko Bethel katika jimbo la New York, waliuza tiketi za muziki na sanaa kwa vijana waliotarajiwa kulala palepale, kwenye shamba la mfugaji mwingine wa ng'ombe wa maziwa, Max Yasgur. Kwa ajili ya kambi waliwaita Hog Farm, jumuiya ya vijana walioishi pamoja kijamaa na kuzoea kulala nje. Hao walifyeka njia za miguu, wakachimba mashimo ya moto, wakajenga jiko la bure, na watu zaidi ya 400,000 walipofurika na chakula kikaisha, jiko hilo ndilo lililogawa nafaka na mboga. Walikuwa pia na jukumu la utulivu. Kiongozi wao, anayejulikana kama Wavy Gravy, alipoulizwa na waandishi atatumia silaha gani, alitaja keki za krimu na chupa za soda. Utani ule ulikuwa na mpango ndani yake, kwani kikosi chao kilifanya kazi kwa kuomba badala ya kuamrisha. Miezi minne baadaye, tarehe 6 Desemba, kwenye tamasha la bure la Altamont huko California, ulinzi karibu na jukwaa waliachiwa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki, na malipo yao yalikuwa bia ya dola 500. Walipiga watu kwa vijiti vya biliadi, na kijana wa miaka 18, Meredith Hunter, alichomwa kisu akafa Rolling Stones wakiwa jukwaani. Kulinganisha matukio hayo mawili moja kwa moja si haki sana: Altamont iliandaliwa kwa siku chache mno, na Woodstock nayo ilikuwa na vifo vyake. Hata hivyo tofauti ya walinzi inaonekana wazi. Kundi moja lilikuwa sehemu ya kambi, likila chakula kilekile na kulala kwenye tope lilelile. Lingine lilisimama kati ya umati na kitu ambacho umati ulitaka kukifikia.

Glastonbury ya leo imeugeuza moyo ule kuwa utaratibu wenye fomu na ratiba. Shirika la misaada la Oxfam limekuwa likipeleka wahudumu wake wa kujitolea tangu 1993, na sasa ni watu wapatao elfu mbili. Kila mmoja huomba miezi kadhaa kabla, hupata mafunzo, huweka dhamana inayolingana na bei ya tiketi, kisha hufanya zamu tatu za saa nane, ambazo kwa kawaida moja huangukia usiku. Akimaliza zote hurudishiwa dhamana yake. Akitoroka zamu amenunua tiketi. Kazi yenyewe haina fahari yoyote: kuvaa kizibao kinachong'aa, kusimama getini, kukagua tiketi na bangili za mkononi, kuelekeza magari, kumjibu mtu wa mia tatu anayeuliza choo kiko wapi, kuita kwa redio pale mtu anapoanguka. Hulala kwenye eneo lao lenye bafu la maji ya moto na sehemu ya kuchaji simu, na kila zamu huja na mlo. WaterAid, shirika la misaada ya maji, nao wana watu wao, wanaogawa maji ya kunywa na kusafisha vyoo vya shimo, kazi ambayo sijui kama kuna mshahara ungeifanya ipendeze. Kundi lingine kubwa huchambua taka wakati wa tamasha na baada yake, wakitembea mstari kwa mstari juu ya malisho, kwa kuwa kigingi kimoja cha chuma kilichobaki kwenye nyasi kinaweza kumuua ng'ombe. Wote hawa wanaishi kambini. Wanapomwambia mtu azime jiko lililo karibu na turubai, wanamwambia kuhusu moto ambao ungewaunguza wao pia.

Je, kuna ushahidi kwamba hilo linabadilisha tabia, au ni maneno matamu tu? Mwaka 2019 chama cha matamasha huru cha Uingereza kilikadiria kwamba mahema 250,000 hutelekezwa kila mwaka kwenye matamasha ya nchi hiyo, mengi yakiwa ya bei rahisi, yaliyonunuliwa kwa nia ya kutupwa. Mwaka huohuo, baada ya kupiga marufuku uuzaji wa maji ya chupa za plastiki ndani ya uzio wake, Glastonbury ilitangaza kwamba asilimia 99.3 ya mahema yaliondoka na wenyewe. Mtu makini atasema kwamba takwimu hiyo imetolewa na mwenye shughuli, na kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri, maana hema lililojaa tope hutelekezwa upesi kuliko hema kavu. Ni kweli. Lakini tofauti kati ya robo milioni kwa nchi nzima na chini ya hema moja katika kila mia kwenye kambi kubwa kuliko zote ni pana mno kuelezwa na jua peke yake. Pia nisiifanye picha kuwa safi kupita kiasi. Mwaka huo wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor walichota maji ya mto mdogo wa Whitelake unaopita karibu na shamba, na matokeo waliyochapisha 2021 yalionyesha dawa za kulevya kwa kiwango kinachoweza kuwadhuru mikunga, samaki wanaolindwa kisheria. Chanzo kilichotajwa ni watu kukojoa ovyo. Wahudumu wanaweza kulinda geti na kuzuia moto, ila hawawezi kusimama nyuma ya kila kichaka, na ndivyo ilivyo katika mji wowote wenye mto.

Sasa hoja ya mshahara, ambayo ndiyo nzito zaidi. Mtu anasema: umemfanyisha mwenzako kazi saa 24, ulipaswa kumlipa. Tufanye hesabu. Tiketi ya mwaka 2025 iliuzwa pauni 373.50, mbali na ada ya kuikata. Igawe kwa saa 24, unapata pauni 15.56 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini Uingereza tangu Aprili mwaka huo kilikuwa pauni 12.21, yaani pauni 293 kwa saa hizohizo. Kwa hesabu hiyo mhudumu amefaidi, tena tiketi za kuuza ziliisha chini ya saa moja, kwa hiyo amepata kitu ambacho wengine walikikosa wakiwa na pesa mkononi. Ila mpinzani hodari hataishia hapo. Atasema kwamba kumruhusu mtu mmoja zaidi aingie kunamgharimu mwenye shamba kidogo sana, hivyo bei iliyoandikwa kwenye tiketi si gharama ya kweli, na kiingilio hakiliwi. Naikubali hoja hiyo kabisa. Ndiyo maana sidhani kwamba haki ya utaratibu huu inatokana na thamani ya tiketi. Kama ingekuwa hivyo, kila mwenye ukumbi angeweza kuwaita vijana wafagie bure ili wasikilize muziki, naye akajaza sanduku lake.

Haki yake inatokana na mahali ambapo thamani ya kazi ile inaangukia. Tamasha hulipa Oxfam kwa ajili ya zamu za watu wake, na pesa hiyo huingia kwenye kazi za shirika. Mhudumu, kwa kweli, ametoa mshahara wake kama sadaka kabla hajaushika. Zaidi ya hapo, waandaaji hutoa misaada inayozidi pauni milioni 2 kwa mwaka wa kawaida, kwa Oxfam, WaterAid, Greenpeace na kwa mahitaji ya vijiji vya jirani. Glastonbury bado ni kampuni ya familia, na mtu ana haki ya kukumbusha hilo. Mfano safi zaidi uko Denmark, karibu na Copenhagen. Tamasha la Roskilde lilianza 1971, na mwaka uliofuata likachukuliwa na mfuko usiogawana faida. Huko watu wapatao 130,000 hukusanyika kwa siku nane, na katika hao karibu 30,000 ni wa kujitolea. Ofisi ya kudumu ni ndogo mno ukiilinganisha na shughuli. Vibanda vingi vya vyakula na vinywaji huendeshwa na vyama vya mitaani: klabu ya mpira wa mikono inakaanga viazi, chama cha skauti kinauza bia, na mapato yanarudi kununua jezi na kukarabati jengo lao. Ziada ya tamasha zima hugawiwa kwa shughuli za vijana, utamaduni na misaada, na jumla yake tangu mwanzo imepita krona milioni 400. Hapo swali la ni nani ananyonywa linakosa mtu wa kumnyooshea kidole.

Thamani ya kazi isiishie mfukoni mwa mwenye tamasha: hilo ndilo sharti nililolisema mwanzoni, na nadhani linatosha kuyapanga matamasha katika makundi mawili. Kampuni yenye wanahisa wanaosubiri gawio, inayomiliki matamasha kadhaa na kuyauza kama bidhaa, haina hoja ya kumwomba mtu asimamie geti bila ujira. Kijana akiombwa hivyo ana haki ya kudai mkataba na mshahara, hata akiambiwa kwamba atapata uzoefu na atawaona wasanii kwa karibu. Kwetu Afrika Mashariki onyo hili lina uzito wake, kwa sababu wahitimu wengi wamekwisha kujitolea mwaka mzima mahali ambapo pesa ilikuwapo ila haikuwa yao. Tofauti kati ya mwaka huo na saa 24 zilizoandikwa kwenye ratiba ni kubwa. Kujitolea kwa haki kuna kikomo kinachojulikana siku ya kwanza.

Pingamizi lingine linahusu uhai wa watu. Tarehe 30 Juni 2000, palepale Roskilde, umati ulisukumana mbele ya jukwaa wakati Pearl Jam wakicheza, na vijana tisa wakafa. Mwaka huohuo Glastonbury, iliyokuwa na leseni ya watu 100,000, ilivamiwa na maelfu kwa maelfu walioruka uzio, hata 2001 tamasha likaahirishwa kwa hofu ya usalama. Kama kambi hujilinda kwa ujirani, ujirani ulikuwa wapi? Jibu langu ni kwamba ujirani una mpaka, na miaka ile iliuonyesha ulipo. Roskilde waligawa eneo la mbele ya jukwaa kwa vizuizi na kudhibiti idadi ya wanaoingia. Glastonbury walijenga uzio mrefu wa chuma mwaka 2002 na kuwaleta wataalamu wa ulinzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2001 nayo ilitenganisha kazi: kupekua watu na kulinda kwa nguvu kunahitaji leseni, ilhali kukagua tiketi na kuelekeza watu hakuhitaji. Naona mgawanyo huo ni sahihi. Msukumano wa umati ni suala la vipimo, vizuizi na mawasiliano ya sekunde, na haufai kuachiwa mtu aliyekuja na moyo mwema na saa chache za mafunzo. Lakini pia uzio wa chuma haumwamshi mtu aliyelala na jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa zipu, na huyo anaweza kufa kwa hewa yenye sumu bila kelele yoyote. Anayemwokoa ni yule anayepita usiku na tochi na kunusa moshi.

Linabaki suala la nani anaweza kujitolea, na hapa sina utetezi kamili. Dhamana ya pauni mia tatu na zaidi si kitu kwa mwalimu mstaafu, lakini kwa kijana anayeishi kwa kibarua ni kodi ya nyumba. Anayehitaji tiketi ya bure kuliko wote ndiye asiyeweza kuiweka rehani, na wala hawezi kuacha kazi kwa wiki nzima. Nauli, gambuti na hema ni juu yake. Waandaaji husema bila dhamana watu wangeingia na kutoweka, na wana haki ya kuogopa. Ila kulipa kidogokidogo, au kudhaminiwa na chama cha mtaa kama vile klabu za Roskilde zinavyowasimamia watu wao, kungeweza kuifanya kazi ileile bila kuwafungia nje masikini. Klabu inamjua mtu wake na nyumbani kwao. Akitoroka zamu, atakutana nao mazoezini Jumanne.

Wasomaji wengine watasema haya yote ni starehe ya nchi zenye nafasi, na kwamba matamasha yetu hayafanani na hayo. Ni kweli kwamba Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004 ndani ya Ngome Kongwe, haihitaji kambi: wageni hulala kwenye nyumba za wageni za Mji Mkongwe, na mji wenyewe hubeba mzigo wa maji na vyoo. Nyege Nyege ya Uganda, iliyoanza 2015 kando ya Nile huko Jinja, iko karibu zaidi na Glastonbury, kwani maelfu hulala palepale mtoni na maswali yote ya taka, giza na usalama wa wasichana usiku huibuka kama kule. Lakini mfano wenye nguvu zaidi kwa hoja yangu uko Goma, mashariki mwa Kongo. Tamasha la Amani lilikuwa lifanyike Agosti 2013, vita vikalizuia, likafanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa. Kiingilio kilikuwa dola 1 kwa siku, ili mwendesha chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aweze kukaa sawa na mfanyakazi wa shirika la kimataifa, na mamia ya vijana wa mji walijitolea mageti, jukwaani na kwenye usafi. Hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba wanamnufaisha tajiri, kwa kuwa kwa dola moja hakuna tajiri anayepatikana. Katika mji uliokuwa umezoea kuona mtu mwenye amri getini ameshika bunduki, wao walisimama getini na kitita cha tiketi.